Wamekemea droni yangu kwenye maombi ya Zoom

Leo kanisa zima limekemea droni yangu. Jamani!

Nilikuwa sebuleni, nimeining'iniza darini kwa kamba mbili. Naisukuma kidogo, nahesabu inavyoyumba, ili nijue uzito wake umegawanyikaje. Ni kazi ya chuo, na kwa lockdown hii maabara imefungwa.

Kumbe mama kaingia kwenye maombi ya Zoom hapohapo sebuleni, na kamera inatuonyesha wote.

Shemasi akapaza sauti: "Mama Neema, kitu gani hicho kinayumba nyuma yako? Kishindwe!"

Wote wakaitikia: "Kishindwe!"

Mama, kwa aibu, akachukua mkasi akakata kamba. Droni chini, mkono wake mmoja wa propela umevunjika!

Jioni, mama alipokwisha kumweleza kuwa ni droni, shemasi huyohuyo kanipigia: "Neema binti yangu, hiyo ndege inaweza kupiga video ya harusi?"

Nimemkatia simu. Ingekuwa nyie mngemjibu nini?