Ng'ombe Mtamu na Wanasesere Wenye Vipara

Nilijitolea kwa mdomo wangu mwenyewe. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, tumekusanyika kwenye shirika letu, ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa, na kiongozi wetu akauliza nani atatengeneza pango la Noeli mwaka huu. Watu wote wakaanza kukagua viatu vyao. Nikasema nitatengeneza mimi, na shirika lije kulitazama nyumbani kwangu. Halafu, kwa sababu watu walikuwa wamenipigia makofi na makofi ni kitu kibaya, nikaongeza kwamba nitaoka na biskuti za wageni. Mama aliyeketi kando yangu aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimesahau nina watoto watatu.

Sikuwa nimesahau. Wa kwanza, msichana wa miaka saba, alikuwa tayari na tabia za mkuu wa shule. Wa pili, mvulana wa miaka minne, alikuwa mfanyakazi mwaminifu wa dada yake na hakuwahi kuuliza sababu ya kazi yoyote. Wa tatu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, na kila safari yake iliishia penye moto au penye chakula. Mume wangu ni dereva wa lori la maharage, na siku zile za mwisho wa mwaka tulimwona kwa nadra.

Kilichonipa kiburi ni wanasesere wangu. Nilipokuwa mtoto Rutshuru, mwanasesere wangu alikuwa gunzi la mahindi, limefungwa kitambaa, na nywele zake za kuzaliwa zikining'inia. Nilimpenda mpaka mbuzi wa jirani alipompenda zaidi. Nilipokuwa mtu mzima mwenye cherehani yangu, nikaanza kuwatafuta wale wa kweli kwenye marobota ya mitumba, ambako huja wamenasa katikati ya makoti ya nchi za baridi. Mmoja hana mkono, mwingine anafumba jicho moja tu, kama anayekukonyeza. Ninawaosha, ninawachana nywele, ninawashonea magauni kwa mabaki ya vitenge vya wateja. Walikuwa wamefika ishirini na mmoja, na waliishi juu ya kabati la chumbani. Mume wangu huwaita wapangaji, na kila asubuhi aliyoamkia nyumbani aliuliza kama wapangaji wameamka salama. Watoto walikuwa na sheria moja tu juu yao: kutazama kwa macho.

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Pango nitalijenga kwa yale mawe meusi ya volkano, kitu pekee ambacho hapa Goma hakuna anayekuuzia. Bikira Maria, Yosefu, wachungaji, mamajusi na malaika watatoka juu ya kabati. Kondoo watatengenezwa na watoto kwa karatasi na pamba. Ng'ombe nitamfinyanga mwenyewe kwa unga wa ngano uliokandwa na chumvi nyingi, maana donge la namna hiyo likikauka huwa gumu na hata panya hulikataa. Nililikanda kwa chai ya rangi ili ng'ombe apate ngozi ya kahawia.

Siku mbili kabla ya Noeli baba mkwe wangu akafika kutoka Masisi. Ni mtu wa ng'ombe, mrefu, wa maneno machache, na kofia yake huivua kanisani na kitandani tu. Tulimpa kiti kizuri barazani, akakaa akiangalia mtaa wetu kama mtu anayekagua malisho na kuona hayatoshi.

Asubuhi ya mkesha nikawa na mabeseni mawili ya kufanana mezani, yamefunikwa kwa vitambaa. La kitambaa cha bluu lilikuwa na donge la biskuti, lenye siagi, sukari ya kahawia na mayai. La kitambaa chekundu lilikuwa na donge la chumvi. Madonge yenyewe kwa rangi yalifanana kabisa, ila mimi kwa vile vitambaa nilijua lipi ni lipi. Niliwashusha wanasesere wote, nikawalaza kitandani ili niwagawie kazi, nikamwachia binti yangu pamba, gundi na maagizo, nikambeba mdogo mgongoni na kwenda kuchota maji. Foleni ilikuwa ndefu, na kulikuwa na habari za harusi fulani ambazo hazikuweza kukatwa katikati.

Niliporudi nyumba ilikuwa kimya. Mwenye watoto anaujua ukimya wa namna hiyo.

Nikakuta kondoo kumi wamepangwa mezani, na lazima niseme ukweli, walikuwa kondoo wazuri sana. Sufu yao ilikuwa nene, yenye mawimbi. Mmoja alikuwa mweupe, wawili weusi, watatu wa kahawia, na waliobaki wa rangi ya dhahabu. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba pamba niliyowaachia ilikuwa nyeupe.

Chumbani wanasesere tisa walilala wamenyolewa mpaka kwenye vile vitundu ambamo nywele hupandwa. Binti yangu alinieleza mambo yalivyokwenda, bila kutikisika. Pamba iliisha kwenye kondoo wa kwanza, kwa sababu mdogo wake aliipaka gundi nyingi. Hawa wengine wangebaki uchi, na usiku wa Noeli kuna baridi, mwalimu wa katekesi amesema. Wanasesere wana nywele nyingi na hawaendi popote. Alitumia mkasi wangu wa kukatia vitenge, ambao hata mume wangu haugusi. Kaka yake, alipoona uso wangu, akaona afadhali atoe ushahidi.

"Mama, mimi nilibashika muzuri," akasema. "Hakuna hata mumoja alilia."

Nikaketi kitandani katikati ya vile vipara. Nilitaka kukasirika kwa utaratibu, nianze na mkasi kisha nifike kwenye nywele, lakini nikajikuta nahesabu vichwa. Yule anayefumba jicho moja alikuwa miongoni mwa walionyolewa, na alinikonyeza kama kawaida yake. Ndipo baba mkwe akaingia, akawatazama mmoja mmoja kwa heshima, na akaniuliza kwa upole kama walikuwa na ugonjwa.

Nikamwambia hapana, ni watoto. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyewahi kuona hasara kubwa zaidi, akarudi mezani. Pale alimkuta ng'ombe wangu, niliyemfinyanga alfajiri na kumwona mzuri. Alimzunguka. Akainama. Akavua kofia.

"Binti yangu," akasema, "hii ngombe iko mugonjwa."

Akanionyesha kwa kidole. Mgongo umebonyea, miguu ya nyuma ni ya mbuzi, pembe zimeelekea chini kama masikio ya mbwa aliyenyeshewa. Akasema ng'ombe kama huyu, kwao, ungekuwa umekwisha kumwitia daktari wa mifugo, na mtoto Yesu hawezi kulazwa karibu naye. Kisha akavua koti, akakunja mikono ya shati, akanawa mpaka kwenye viwiko, na kumwomba mjukuu wake wa kiume amletee donge.

Ili apate nafasi, watoto walisogeza mabeseni na kuyafunika upya, na vile vitambaa vyangu vya kunitambulishia vikabadilishana makazi. Mimi sikuona. Nilikuwa naokota mawe uani, nawashonea wachungaji vilemba vya kuficha aibu, namwondoa mdogo kwenye jiko la makaa kwa mara ya sita. Beseni lililokuwa sasa na kitambaa chekundu lilikwenda kwa mzee. Lililobaki nikalisukuma, nikakata nyota kwa kopo la nyanya nililolibana kwa koleo, nikazipanga kwenye sufuria yenye mchanga chini na makaa juu ya kifuniko. Zilipoiva zilikuwa ngumu. Nikajilaumu kwamba nimezidisha moto.

Baba mkwe alifanya kazi saa mbili nzima, bila chai. Watoto walisimama kimya pande zake zote mbili, jambo ambalo mimi sijawahi kulipata hata kwa vitisho. Alitoka na ng'ombe wa kweli, mwenye kifua, nundu, pembe ndefu zilizopanda juu na macho mawili ya maharage. Tulimkausha polepole pembeni mwa makaa. Alitoka aking'aa, na nilidhani kung'aa kule ni ufundi. Sasa najua ilikuwa siagi.

Siku ya Noeli, baada ya misa, shirika likaja. Sebule ilijaa. Watu walilisifu pango, wakaulizana ile sufu ya dhahabu nimeitoa wapi, na binti yangu akafungua mdomo kuwaeleza, nikamtuma jikoni. Mama mmoja akataka kujua kwa nini malaika wote wawili wana vipara. Nikasema ni joto la huko juu, na mpaka leo sijui jibu hilo lilitoka wapi.

Kisha nikapitisha sahani ya nyota. Kwa heshima, kiongozi wetu alichukua kwanza. Akauma. Sauti iliyosikika ilikuwa ya mtu anayevunja tofali. Akatafuna akiwa amefumba macho, akameza, akanywa soda yote, akatafuta neno.

"Iko ya nguvu," akasema, na akaimaliza.

Kwa kuwa yeye ameimaliza, wengine nao walikula. Niliona machozi kwenye macho ya mama mmoja na nikadhani ameguswa na pango. Ndipo nikaonja yangu. Ilikuwa chumvi tupu, chumvi ya kufanya meno yasimame. Nikaanza kuhesabu kichwani: kama chumvi iko hapa, basi sukari, siagi na mayai yangu yako wapi?

Nikageuka kuelekea pangoni. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa ameketi kati ya Yosefu na mamajusi, amekumbatia ng'ombe, na kichwa cha huyo ng'ombe, pamoja na pembe zote mbili, kilikuwa tayari kimekwisha kuliwa. Alikuwa akitafuna kwa furaha ya mtu aliyefika nyumbani.

Watu wote walimtazama baba mkwe. Yeye alimtazama ng'ombe wake, kisha akanyoosha mkono, akachukua nyota moja sahanini, akaiuma na kuitafuna hadi mwisho kama anayefanya uchunguzi.

"Ile mutoto iko na akili," akasema. "Hii nyota ni ya ngombe. Ngombe ni ya batu."

Kiongozi wa shirika ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mgongo wa kiti, na wengine wakapata ruhusa. Wale waliokuwa wameficha vipande vya nyota viganjani wakavirudisha sahanini bila aibu. Baba mkwe akaomba kisu. Akamlaza ng'ombe kwenye ubao na kumgawa jinsi nyama inavyogawanywa kwao kwenye sherehe: paja kwa kiongozi, kifua kwa kina mama, mbavu kwa watoto, na kila anayepokea akashukuru kwa mikono miwili. Nilipewa kipande cha nundu. Siku zile zote za maandalizi, hicho ndicho kitu pekee nilichooka kilichotoka sawasawa, na nilikuwa sijakioka kwa makusudi.

Wanasesere hawakuota nywele tena. Mwezi wa kwanza niliwashonea vilemba vya vitenge, na kina mama wa shirika wakaanza kuniletea mabaki ya nguo zao ili kila mmoja awe na pupe, yaani mwanasesere, wa kufanana naye. Baba mkwe alibeba nyota zote zilizobaki kwenda nazo Masisi. Alinipigia simu kuniambia ng'ombe wamezisifu.

Lakini jioni ile ile ya Noeli, jua likiwa bado halijazama, lori la mume wangu liliingia kutoka mji wa Kiwanja, kule Rutshuru, limechelewa kwa sababu ya matope. Alishuka amechoka, ana njaa, na mvulana wetu akamkimbilia na habari kubwa kuliko zote: tate, yaani babu yake, amechinja ng'ombe, na shirika lote limekula.

Mume wangu alisimama pale pale uani. Akamwendea baba yake, akamshika mikono yote miwili.

"Papa, aksanti sana," akasema. "Haukupashwa kufanya vile, njia ni mbali."

Baba mkwe akamjibu kwamba si kitu, ni Noeli. Mimi nikaingia chumbani haraka ili nisionekane uso. Kutoka huko nilimsikia mume wangu akifunua sufuria moja baada ya nyingine, akiuliza nyama yake imewekwa wapi, na mzee, barazani, akimwambia kwa utulivu atafute vizuri.