Drone ya Viazi

Mama yangu alirudi kijijini Kibumba baada ya maisha ya hema kwenye kambi ya wakimbizi wa vita, akapanda viazi ulaya. Mbegu tulimchangia sisi watoto wake wa mjini, na hatukuwa na nyingine. Viazi vikatoa maua. Ndipo akaja agronome, bwana shamba wa mradi mmoja, mwanamume mpole mwenye buti safi, akawaambia akina mama kwamba mildiyu, ule ugonjwa unaounguza majani, umeingia mlimani. Angeleta drone ipige picha za mashamba, ijulikane pa kupuliza dawa.

Alisema drone. Kati ya maneno yote ya duniani. Angesema kamera inayoruka, angesema hata kipepeo. Huku kwetu neno hilo lina maana moja, na mama alijifunza maana hiyo kambini, siku mahema ya jirani zake yalipopigwa bomu kutoka angani.

Asubuhi moja kidude kikapita juu ya shamba lake, kikaenda, kikarudi palepale kama inzi. Wenzake walitupa majembe wakakimbia. Mama hakukimbia. Aliwaita dada zake, wakang'oa shamba zima kabla jua halijazama, ili bomu likija likute udongo mtupu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo wetu sisi uliletwa na watu wa kutusaidia.

Alifika kwangu mjini, Ndosho, na magunia nyuma ya pikipiki. Nikafungua moja. Viazi vilikuwa kama gololi. Nilikasirika hata nikashindwa kumpa pole, na mpaka leo sijui hasira ile ilikuwa ya nani.

Baadaye agronome alimfuata mpaka kwangu, akamwonyesha picha kwenye simu. Shamba lote kijani, isipokuwa pembe moja karibu na mawe ya volkano.

"Mama, ugonjwa ilikuwa paka hapa, hii pembe moja tu. Tungepiga dawa kidogo, yote ingepona. Ile drone ilikuwa inaangalia tu."

Mama aliitazama picha muda mrefu. Hakuwahi kuliona shamba lake likiwa zuri namna ile.

"Na ile ingine, papa," akamjibu taratibu, "nayo ilianzaka na kuangalia."

Agronome akauliza kama angepanda tena msimu ujao. Mama akamwonyesha sufuria iliyokuwa motoni. Mbegu ilikuwa mle, inachemka na maganda yake, kwa sababu viazi vilikuwa vidogo mno kumenywa.