Veneranda, Uliyenizidi Vidole

Nimetoka kumzika Veneranda na bado nabisha. Juzi tu tulikuwa tunagombana sokoni Ngara, ananiambia maharage yangu yana wadudu!

Mlioko humu kwenye kundi la rambirambi mnaandika "alikuwa malaika." Malaika gani? Mimi nimemwonea wivu tangu tukiwa wasichana wa kwaya, na sioni aibu kusema.

Sista mgeni alileta fidla nne parokiani, na wimbo mmoja wa kupiga. Wimbo wenyewe hauna maneno, umetungwa na Mzungu wa zamani ambaye Sista alisema hata kwao wamemsahau. Fidla nne, watu wanne. Wa tano hana kazi.

Akatupima vidole. Vyangu vifupi. Veneranda akapewa ile fidla kubwa ya kubana kwa magoti. Msichana kapanua miguu mbele ya paroko!

Nikamwambia, "Huna haya?"

"Haya ninayo, dada. Fidla je, wewe unayo?"

Kila Alhamisi, siku yao ya mazoezi, nikajifanya napalilia maua ya kanisa, kumbe nasikiliza dirishani. Miaka na miaka.

Askofu alipokuja nilifanya ubaya. Nilizichukua karatasi za muziki za Veneranda nikazificha kwenye gunia, nikakaa benchi la mbele nimwone anavyoaibika.

Akapiga wimbo wote! Kumbe hakujua kusoma noti hata moja. Aliushika kwa sikio, kurasa alikuwa anageuza kwa maringo tu. Na mimi niliyeishia darasa la tatu niliamini kila anayekodolea karatasi anasoma.

Kesho yake huyo mlangoni. "Dada, asante kwa kunipunguzia mzigo. Haya, lete chai."

Chai nilimpa. Radhi sikumwomba.

Leo kaburini wale watatu wamepiga bila yeye. Wimbo ukapwaya. Nikashindwa kuvumilia, nikaanza kuivumisha sehemu yake kwa mdomo uliofumbwa, mpaka mwisho. Watu wote wakageuka.

Mzee Gervas, mwenye fidla ya kwanza, akanifuata. "Mama, kumbe unaijua yote? Alhamisi uje."

Umesikia, Vene? Nafasi niliyoitamani ujana wangu wote nimepewa juu ya kaburi lako, na siitaki. Ningekuachia tu uendelee kuniringia.

Zile karatasi nisamehe. Ni mimi, na ulijua.

Haya, lala salama, mwanamke wa maringo wewe.