Picha moja, chumvi ikalowa

Leo nimeharibu kipimo cha mwanafunzi kwa kutaka picha.

Kerubo anasomea fizikia hapa Kisii. Anachunguza chumvi ambayo ni kimiminika hata bila kupashwa moto. Ukiipoza inakuwa ngumu kama kioo, na umeme unapita kwa shida zaidi na zaidi. Amebuni hesabu ya kutabiri ukinzani huo utapanda kiasi gani. Leo ilikuwa lazima amwonyeshe msimamizi wake kwamba vipimo vinaifuata, la sivyo arudie muhula.

Vilifuata. Kila nukta ilikaa juu ya mstari wake kwenye kompyuta.

Nikamwomba afungue kifuniko cha chombo cha chumvi nipige picha ya makala yangu.

"Haraka basi, mzee."

Nje ilikuwa inanyesha, mvua yetu ya kila alasiri. Kumbe chumvi hii hufyonza unyevu wa hewani, na ikilowa umeme hupita kwa urahisi zaidi. Nukta zikaanza kuteremka chini ya mstari.

Msimamizi akaingia. Alipokuwa akivua koti la mvua, Kerubo angeweza kuzifuta.

Hakuzifuta.

"Kerubo, hesabu yako imekataa?"

"Hesabu iko sawa, Daktari. Chumvi imelowa. Mgeni wetu aliomba picha."

Wakanitazama.

"Picha yenyewe imetoka vizuri?" Daktari akauliza.

Nikamwonyesha. Ukungu mtupu.

Alicheka mpaka akaketi. Kisha akampa Kerubo hadi kesho akaushe chumvi na kupima upya.

"Nawe mzee," Kerubo akaniambia, "kesho uje na kalamu tu."

Wapiga picha wenzangu, nisuteni hapa chini. Nimestahili.