Nilivyoandika maelezo ya safari ya pantoni Kivukoni–Kigamboni, kurudi yakatuaibisha

Wakuu, shikamooni mnaostahili shikamoo, na wa rika langu mambo zenu.

Natumia simu ya mama na yeye anajua, kwa hiyo nikikatika katikati mjue kaihitaji. Nitaandika kilekile kilichotokea, hata pale kinaponiaibisha.

Ilianza Jumatano, saa nane na nusu mchana, kipindi cha klabu.

Niko form three, shule moja hapa katikati ya mji. Nyumbani ni Gerezani, mama anauza vifungo na zipu Kariakoo. Klabu yangu ni ya utalii. Msidhani tunaendaga mbugani, simba mwenyewe tunamjua kwa chati ya ukutani.

Siku hiyo mlezi wetu, Madam Mushi, alikuja na habari. Jumamosi ya wiki inayofuata tungepokea wanafunzi wa form one kutoka Singida, wengi wao bahari hawajawahi kuiona kwa macho. Tutawavusha kwa pantoni, Kivukoni mpaka Kigamboni na kurudi, na sisi ndio tutakaowaeleza wanachokiona njiani. Maelezo yakiwa mazuri yatachorwa kwenye mabango mawili, moja kila upande wa maji, ili mgeni yeyote anayevuka ayasome. Ruhusa alishaiomba.

Kazi zikagawanywa. Wa kuchora ramani, wa kuongoza foleni. Kuongea akapewa Karim, maana huyo hata paredi huwa anapewa kipaza sauti.

"Na maelezo anaandika nani?" Madam akauliza.

Watu wakajifanya wanatafuta kalamu.

"Mpe Zuwena, Madam," Karim akasema. "Yeye si haongei? Maneno yake yote bado yamo humohumo, hayajatumika."

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka. Ndivyo ninavyofanyaga wakinicheka.

Ila wakuu, moyoni nilifurahi mpaka nikaogopa. Mimi nikinyanyuliwa darasani kujibu, sauti inakwama hapa kooni. Lakini bango halina aibu. Nikawaza umati wote ule wa pantoni umesimama unasoma kitu nilichouambia mimi. Nilikitaka kile kitu kuliko zawadi yoyote niliyowahi kuitaka.

Naomba nipindishe kidogo, kuna mtu lazima mumjue.

Salma alikuwa best yangu toka darasa la kwanza. Mwaka jana kwao wakahamia Kigamboni, na shule akahamishwa. Mwanzoni tulikuwa tunapigiana kwa simu za mama zetu, dakika nyingi tu. Baadaye ikawa meseji. Baadaye "poa". Sasa hivi natumiwa kidole gumba.

Hatukugombana. Tungegombana ningejua cha kuombea msamaha.

Toka aondoke, mapumziko nakula muhogo wangu nimesimama karibu na bomba la maji, ili anayepita aone nasubiri zamu ya kunywa.

Turudi kwenye mada.

Wiki ile nilikuwa nikitoka shule nashuka Kivukoni, navuka na kurudi, peke yangu. Kwa ambao hamjawahi: mnasubiri kwenye banda, geti likifunguliwa watu wanatoka nduki utafikiri upande wa pili kunagawiwa kitu. Magari yanakaa katikati, waenda kwa miguu pembeni na juu. Safari yenyewe fupi, hujamaliza karanga zako umefika.

Kwanza niliandika ya kumsaidia mgeni. Tiketi anakata wapi. Asikimbie na umati, pantoni haitamwacha kwa hatua mbili. Asisimame nyuma ya gari linalojipanga. Pande zipi asitoe simu kupiga picha.

Halafu ya kutazama. Niliandika: "Kushoto kwako ni soko la samaki, na baada yake ni mlango ambao meli zinaingilia kutoka bahari kuu. Kulia kwako ni winchi za bandari, na majengo ya mjini."

Nikayajaribu kwenda, yakawa sawa. Nikayajaribu kurudi, yakawa sawa. Nilirudia siku kadhaa, sawa tu. Nikamkabidhi Madam.

Sikumsomea mtu mwingine. Mama akirudi kutoka dukani anakuwa hoi. Na klabu wana grupu lao la WhatsApp ambalo mimi simo. Hakuna aliyenikatalia, ni vile hakuna aliyeomba namba ya mama.

Jumamosi ikafika.

Wakati wa kwenda, jamani, ilikuwa raha. Karim alisimama juu ya benchi akasoma kwa ile sauti yake ya redio. Akisema kushoto, vichwa vyote vya Singida vinageuka kushoto. Akisema kulia, kulia. Katoto kamoja kakauliza, "Kaka, haya maji yanaishia wapi?"

"India," Karim akajibu. "Ukichelewa kushuka unaamkia huko."

Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo, midomo inasema naye kimyakimya. Yale yalikuwa maneno yangu na watu walikuwa wanayafuata kwa macho. Ningekuwa na uwezo ningeumalizia uzi hapa.

Kurudi, Madam akasema, "Karim, rudia kwa ambao hawakusikia."

Sasa, pantoni haigeuki kama basi. Ina mdomo huku na huku, ikifika inapakia na kuondoka vilevile, iliyokuwa nyuma inakuwa mbele. Wageni nao wakageuka wakaangalia mjini, kama abiria wote.

Karim alikuwa anaangalia karatasi, maji hakuyaangalia. "Kushoto kwenu," akapaza, "ni soko la samaki na mlango wa bahari kuu!"

Vichwa vyote vikageuka kushoto. Kushoto kuna winchi na makontena yamepangwa kama matofali.

Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akauliza, "Mwanangu, hiyo bahari kuu wameipakia kwenye kontena gani?"

Pantoni nzima kicheko.

"Labda inasubiri kulipiwa ushuru," akadakia dereva wa bajaji.

Wageni wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kale katoto kakauliza kwa nia njema kabisa, "Kaka, kwa hiyo tuangalie wapi?"

Karim uso ukambadilika. "Sijaandika mimi! Kaandika Zuwena. Yule pale, kwenye nguzo."

Wakageuka kuniangalia.

Madam akasema taratibu, "Zuwena, hebu warekebishie."

Nilikuwa najua cha kusema. Ni sentensi moja tu. Nikafungua mdomo, hewa ikatoka, sauti ikabaki. Nikaangalia viatu vyangu mpaka Madam akawaeleza mwenyewe.

Tuliposhuka Kivukoni umati ukanisukuma pembeni na mimi nikauacha unisukume. Nikakaa kwenye ukuta mdogo nje ya soko la samaki, nikisubiri kuitwa. Niliwaona wakijipanga kupiga picha ya pamoja. Karim akachuchumaa mbele. Madam akahesabu wageni mmoja mmoja, wakatimia. Sisi wa klabu hatukuhesabiwa kwa sababu sisi ni wenyeji, wenyeji hawapotei.

Wakaondoka.

Niliwasubiri kidogo kama wangerudi. Halafu nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Mnazi Mmoja kulikuwa na watu wamejaa kwenye shughuli yao, nikapita katikati yao na sare yangu, na hakuna aliyeniuliza naenda wapi.

Jioni mama akasema, "Madam wako kapiga. Anasema maneno ni mazuri ila pande umekosea. Ukitaka yachorwe, Jumatatu uyapeleke yamenyooka. Usipopeleka, anampa Karim aandike upya."

Nikaanza kupanga vitabu vyangu.

"We Zuwena, si ulikuwa unavuka kila siku? Ulijaribuje mpaka usijue?"

"Nilijaribu kwenda na kurudi, mama. Yalikuwa sawa."

"Yatakuwaje sawa na umeshageuka?"

Hapo ndipo nikaelewa, na sikutaka kumjibu, ila nikamjibu.

"Nilikuwa sigeuki."

Kila nilipokuwa narudi, wakuu, nilisimama kule nyuma ya pantoni nikiangalia Kigamboni. Nilikuwa naangalia geti lao, kwamba labda Salma atatokea anunue kitu, anione, anipungie. Kwa hiyo kushoto kwangu kulibaki kushoto siku zote. Safari zote zile sijawahi kurudi nyumbani nikiwa naangalia nyumbani.

Mama akanisogezea sahani. "Kula kwanza," akasema.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Nilikuwa naandika maelezo ya kuongoza umati mzima, na sikumshirikisha hata mtu mmoja. Angesimama mmoja tu ubavuni kwangu, anaangalia mbele kama watu wengine, angesema "we, mbona hapa siyo", yangeisha palepale. Kurekebisha maneno kulikuwa rahisi: ondoa kushoto na kulia, sema "upande wenye winchi", "upande wenye soko la samaki". Vile havihami, hata ukisimama kichwa chini.

Kilichobaki kigumu ndicho ninachowaombea mawazo. Mliokuwa wapole kama mimi, mlianzaje kuongea na watu? Msiniambie "jiamini", hiyo nimeambiwa toka chekechea. Nataka neno la kwanza lenyewe, mlisema nini na mlimwambia nani. Hata mkinicheka, andikeni tu.

Mimi la kwangu hili hapa.

Kesho yake, Jumapili asubuhi, nilivuka tena na karatasi mpya. Kigamboni sikutoka hata nje ya geti. Wakati wa kurudi nikajipenyeza katikati ya watu mpaka mbele kabisa, nikasimama naangalia mji. Pembeni yangu kulikuwa na mama wa makamo, kavaa sare ya kwaya, viatu vya kisigino kavishika mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Samahani, naomba nikusomee kitu kifupi, uniambie kama ndivyo unavyoona."

Akanikagua juu mpaka chini. "Unauza dawa?"

"Hapana mama. Ni ya shule."

"Haya soma. Ila kwa sauti, mwanangu, injini hii inaunguruma."

Nikasoma.

"Sijasikia kitu," akasema.

Nikaanza tena toka juu, kwa sauti zaidi, mpaka mwanaume mmoja aliyeshika baiskeli, ambaye wala sikuwa namsomea yeye, akageuza shingo kuangalia upande wenye soko.