Dakika Kumi za Pasi

Hotelini walimwita Mama Mkunjo, na jina hilo hakusingiziwa. Shuka lenye mkunjo hakuweza kulipita hivi hivi. Hata kwenye msiba wa jirani alionekana ananyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja, huku wenzake wanalia. Miaka ishirini na saba alikuwa akipiga pasi katika chumba cha chini cha hoteli ile, chumba kisicho na dirisha ila tundu moja la kutolea joto, amesimama mbele ya meza ile ile. Wageni wa juu walilala, wakaamka, wakaenda zao. Hakumjua hata mmoja wao kwa sura, ila mashuka yao yote yalipita mikononi mwake.

Sasa, chumba kile kilikuwa na desturi yake. Pasi za zamani zilikuwa nzito na zenye hasira. Ukizitumia mfululizo bila kuzizima, zinakuunguzia shuka la watu. Kwa hiyo kila saa zilizimwa dakika kumi zipoe, na wanawake wanne wa chumba kile walisema, "Pasi inapumzika." Hakuna aliyesema mimi napumzika. Thubutu! Pasi ikipumzika, wao walikaa juu ya marobota ya mashuka, wakanyoosha miguu, wakataniana, wakawachambua waume zao mmoja mmoja kama mchele. Mkubwa yeyote akichungulia mlangoni na kukuta watu wameketi, aliambiwa pasi inapumzika, naye akaondoka, maana nani atabishana na chuma?

Msidhani walikuwa waoga wa bure. Neno lenyewe lilikuwa na makali pale kazini. Mtu akiachishwa kazi, barua haikusema amefukuzwa; ilisema uongozi umeamua kumpumzisha. Mpishi wa keki alipumzishwa. Mfagiaji wa ghorofa ya tatu alilalamika mgongo mara mbili tu, mwezi haukuisha naye akapumzishwa. Ukimsikia mtu wa hoteli ile anamwambia mwenzake "angalia usije ukapumzika," ujue si kwamba anamtakia mema.

Nyumbani neno lilikuwa tamu zaidi, ila faida yake haikuonekana. Mumewe, dereva mstaafu, kila akimwona mlangoni alimwambia, "Karibu mke wangu, pumzika," na kabla mama wa watu hajavua viatu alikuwa ameshaulizwa chumvi iko wapi. Mpira wa redioni ukifika mapumziko, mzee naye alijinyoosha kitini, eti kachoka. Na jirani akifa watu walisema amepumzika, na Mama Mkunjo, Mungu amsamehe, alijisemea moyoni kwamba huyo angalau kapata.

Tabu yake ilikuwa mguu wa kushoto. Mishipa ilikuwa imevimba na kujisokota kuanzia goti hadi kifundo, na daktari alimwambia asisimame saa nzima bila kukaa na kuuinua mguu, la sivyo kidonda kilichoanza juu ya kifundo hakitafunga. Alimjibu daktari kwa kicheko kwamba asiwe na wasiwasi, pasi inampangia. Alikuwa amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Akiondolewa kabla ya hapo, nusu ya mafao yake ya uzeeni ingekwenda na maji. Miezi kumi na minne ya kusimama, basi. Alichoomba kwa Mungu ni hicho tu.

Ndipo akaja msimamizi mpya, kijana mwenye saa kubwa mkononi na sauti ya upole, akaleta pasi za mvuke. Zilikuwa nyepesi, zinang'aa, zinajipunguza moto zenyewe. Kijana wa watu alifurahi kama aliyewaletea zawadi, na tuseme kweli, ubaya hakuwa nao. Hakuna aliyewahi kumweleza mambo ya chumba kile. Akawaambia kwamba pasi hizi hazichoki, zinaweza kufanya kazi kutwa nzima. Wale wanne wakatazamana. Mama Mkunjo akasema asante.

Siku ya kwanza alivumilia. Siku ya pili akawa anaegemea meza. Siku ya tatu kidonda kilikuwa kinampiga kama jino bovu, akapaza sauti kwamba pasi namba mbili inanuka kuungua. Umeme wa chumba ukazimwa, fundi akaitwa, nao wakakaa nusu saa nzima. Raha iliyoje! Baada ya siku mbili pasi namba mbili ikanuka tena. Wiki iliyofuata ikanuka mara ya tatu, na safari hii fundi aliifungua mpaka parafujo ya mwisho, akaenda kumwambia msimamizi kwamba pasi ile ina afya kuliko yeye mwenyewe.

Kwa nini namba mbili? Hapo ndipo penye aibu. Yake mwenyewe ilikuwa namba nne, na alijua akiisingizia ya kwake atashukiwa. Namba mbili ilikuwa ya Bi Harusi. Walimwita hivyo ingawa harusi yake ilikuwa ya mwaka juzi na sasa tumbo lilikuwa la miezi saba. Msimamizi akamwita ofisini. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alikuwa ameambiwa kwamba anayetunga ubovu wa vifaa ili apate kukaa, mwisho wa wiki atapumzishwa. Aliulizwa kama kuna mwingine anayehusika, naye hakumtaja mtu. Alisimulia hayo bila kumtazama Mama Mkunjo, akashika pasi yake akaendelea na foronya.

Mama Mkunjo alisikia moyo unamshuka. Laiti binti yule angemsuta hapo hapo, angepata pa kuanzia. Alipiga pasi mashuka matatu bila kuyaona. La nne alilikunja vibaya, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na wenzake wakaliona.

Alasiri msimamizi akashuka na daftari lake kuwasomea onyo wote. Hakufika mbali.

"Mwanangu, pasi ni nzima," Mama Mkunjo alisema. "Ile harufu niliitunga mimi. Huyu binti mwache."

Kijana akauliza, kwa mshangao kuliko hasira, mtu mzima kama yeye afanye vile kwa nini. Mama Mkunjo alikuwa amepanga maneno mazuri ya miaka yake yote ya utumishi, lakini yote yalimtoroka. Basi akainama, akapandisha gauni hadi gotini, yeye ambaye mguu wake uliwahi kuonwa na mume na daktari tu, akauonyesha mbele ya kijana wa umri wa mwanawe wa pili. Juu ya kifundo palikuwa pamefungwa kipande cha foronya kuukuu, kimepigwa pasi vizuri, na katikati yake pameloa.

"Kinachochoka ni hiki," alisema.

Msimamizi akatazama, akageuza uso, akatazama tena. Akauliza ni tangu lini.

"Tangu hujaanza shule."

Kijana akalishusha daftari. Kisha akasema taratibu kwamba atawaandikia wakubwa kuwa hata hizi pasi mpya zinahitaji kuzimwa dakika kumi kila saa; litapita tu, hakuna atakayeuliza. Wale wengine wakashusha pumzi. Hata Bi Harusi alitabasamu. Jambo lingeweza kuishia pale, na wote wangeshukuru, lakini Mama Mkunjo alikuwa ameuchoka uongo ule kuliko hata mguu.

"Usiandike pasi," alisema. "Atakuja fundi, ataifungua, ataikuta nzima, na mwingine tena atalia. Andika watu."

"Mama, wakikasirika mimi ndiye wa kwanza kupumzishwa."

"Najua. Na mimi wa pili. Andika, mwanangu."

Kijana alijikuna shingo. Alifungua kalamu, akaifunga, akaifungua tena. Hatimaye akaandika akiwa amesimama, huku anajisomea kwa sauti ndogo: wafanyakazi wa chumba cha pasi wapumzike dakika kumi kila saa. Akatia sahihi, akasema jibu litakuja Jumatatu, na litakavyokuja hajui. Akatazama saa yake, akasema wanaweza kuanza sasa.

Hakuna aliyesogea. Bi Harusi alinyoosha mkono kwenye swichi kwa mazoea, na Mama Mkunjo akamwambia aiache. Pasi zote nne zikabaki zimesimama mezani, taa zake nyekundu zinawaka. Mama Mkunjo akaenda mpaka kwenye robota la mashuka, akakaa, akauinua mguu juu ya robota la pili, msimamizi anamwona. Alikuwa anaogopa, machozi yanamtoka bila ruhusa, na hakuinuka mpaka dakika kumi zilipokwisha.