Mama Mkwe Kwenye Kisiwa Kidogo

Mimi hakuna kitu cha dunia hii kinaweza kunishangaza. Shule niliacha darasa la sita, lakini leo duka la mabati pale Kosele ni langu, lori ni langu, na wenye digrii ndio huniamkia kwanza. Kwa hivyo niliposikia kuna boti ya watalii inayotoka Homa Bay na kushinda mchana kwenye kisiwa cha tajiri mmoja, nilikata tiketi tatu papo hapo: yangu, ya mke wangu na ya mama yake.

Mke wangu alitaka kitu kimoja tu. "Tangu unioe hujaogelea na mimi. Kila mwaka ni mabati, mabati."

"Leo utanichoka," nikamwambia.

Nilidhani kisiwa ni kama Mfangano, kina milima, mtu anaweza kujificha. Kumbe! Mchanga, miti michache, meza moja ndefu. Ukipiga chafya upande huu, upande ule wanakuambia pole. Na kwetu Wajaluo mwanamume hali mbele ya mama mkwe, sembuse kuvua shati.

Nikala samaki nyuma ya jikoni pamoja na wapishi, koti mwilini, jasho likitiririka. Samaki alikuwa mtamu, sikatai. Lakini mke wangu alikaa peke yake, miguu majini, na boti ingeondoka saa kumi.

Mama mkwe akamwita binti yake. Alinipa mgongo, ila sauti aliitoa yote.

"Mwambie huyo tajiri wa koti, kuna mtumbwi pale unazungusha watu. Anilipie. Nikiwa upande wa pili, sina macho."

"Uzunguke mara moja tu, mama?"

"Mara moja hata vifungo hatakuwa amemaliza!"

Nikalipa. Akaondoka na mwavuli wake, akiimba wimbo wa kanisa ili tujue yuko wapi. Sauti ikififia, mimi na mke wangu ndani ya maji. Ikikaribia, mimi mbio nyuma ya jikoni, suruali mkononi. Mke wangu alicheka mpaka akameza ziwa.

"Ongeza!" nilimpigia kelele mwenye mtumbwi kila alipotia nanga.

Raundi saba, kila moja mia tatu hamsini, na soda ya themanini ya kulainisha koo la mama: shilingi elfu mbili mia tano thelathini.